Maneno ya Kuokoa Roho Baharini

Mwenye kuzama hana nafasi ya kutafuta kamusi. Maneno ya uokozi hujuliwa mapema.

Chombo kikipatwa na hatari, nahodha huita redioni "Mayday" mara tatu. Wengi hudhani hicho ni Kiingereza safi. Sivyo. Neno hilo lilibuniwa miaka ya 1920 katika uwanja wa ndege wa Croydon, London, kwa kufuata tamko la Kifaransa lenye maana ya "nisaidieni", likakubaliwa kimataifa mwaka 1927. Waingereza waliazima, wala hawakuona haya. Nasi tuliazima "boya" kwa Wareno na "nahodha" kwa Waajemi.

Basi mabaharia wetu na wajifunze "Mayday", kwani chombo kilicho karibu huenda kikawa cha wageni. Lakini abiria je? Maagizo ya kuvaa boya yakiandikwa kwa Kiingereza tu, mama anayevuka kwenda Lamu na mwanawe atafahamu nini? Hatujasahau feri ya Mtongwe, iliyopinduka Aprili 1994 wakafa watu zaidi ya 250. Bango la Kiswahili pekee halizuii maafa, lakini humwonyesha abiria pa kushika.

Kuokoa nafsi ni ibada. Tuianze kwa lugha inayofahamika.