Turudishieni Kipindi cha Ijumaa

Waliotutangulia walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeona heri nisilifiche hili ambalo limekuwa likitukereketa tangu muhula wa pili uanze. Ninazungumzia kipindi cha Ijumaa, saa tisa hadi saa kumi alasiri. Zamani kilikuwa cha vyama na sanaa: kwaya, ngoma, maigizo, uchoraji, na kile kikundi kidogo cha yoga alichokianzisha mwalimu mmoja aliyekuja kufanya mazoezi ya kufundisha. Sasa kimemezwa na marudio ya Hisabati. Si kwamba naichukia Hisabati, la hasha! Ila nasema bila kupepesa macho kwamba kilichoondolewa hakikuwa mchezo. Kilikuwa dawa.

"Kwani wewe umekuwa daktari lini?" rafiki yangu mmoja aliniuliza nilipomwambia nitaandika hivi. Mimi si daktari. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka wa 1948, lilieleza afya kuwa ni uzima wa mwili, wa akili na wa maisha ya mtu na wenzake, wala si kule kukosa ugonjwa tu. Kwa hivyo mtu anaweza kupimwa malaria, homa ya matumbo na damu, akaambiwa hana kitu, na bado akawa si mzima.

Nasi watu kama hao tunao humu humu. Yuko mwenzetu ambaye kila asubuhi ya mtihani lazima atapike. Alipelekwa zahanati, akapimwa, hakuonekana na kitu, akarudi akaitwa mvivu. Jamani, kipimo cha malaria hakioni hofu! Wanafunzi wa shule za kutwa tuna mizigo yetu. Unaamka saa kumi za alfajiri, unapiga miguu au unaning'inia kwenye matatu, saa kumi na mbili na nusu uko darasani. Jioni unafika nyumbani maji hayajatekwa, wadogo zako wanalia njaa, na mzazi yuko kazini. Ukifungua kitabu ni saa nne, na taa ni ile moja ya watu wote. Halafu kesho yake unaulizwa mbona unasinzia.

Wala si shida ya shule yetu pekee. Mwaka wa 2020, kikosi kazi cha serikali kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kilipendekeza kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la dharura nchini Kenya. Wazee wazima waliketi, wakazunguka nchi, wakasikiliza watu, wakafikia neno zito kama hilo. Sisi huku tunaambiwa, "Soma tu, hiyo itaisha yenyewe."

Sasa wacha nieleze kwa nini nasema kuimba, kucheza ngoma na kupumua taratibu ni dawa. Waulizeni walimu wetu wa Biolojia, watawaambia kuwa mtu akiogopa mwili humwaga adrenalini. Moyo hudunda mbio, pumzi huwa fupi, tumbo husokota, mikono hutoa jasho. Mwili unadhani kuna simba. Simba akiwapo kweli, hiyo ni neema, utakimbia. Lakini simba wako akiwa ni karatasi ya Kemia itakayokuja wiki ijayo, utakimbilia wapi? Basi mwili unabaki umewasha injini usiku na mchana bila gari kwenda popote. Moyo huwezi kuuamuru upunguze mwendo ukakusikia. Pumzi unaweza. Ukiitoa polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, moyo nao huitikia na kupunguza kasi. Ndiyo siri kubwa ya yoga na taamuli, na ndiyo siri ya kwaya pia, kwa maana huwezi kuimba ubeti mrefu bila kutawala pumzi.

Hapa najua nimegusa kidonda. Kikundi kile cha yoga kilipoanza, baadhi ya wenzetu wa chama cha Kikristo walisema ni ibada ya miungu ya kigeni, na baadhi ya Waislamu wakaungana nao. (Ni nadra sana pande hizo mbili kukubaliana, hata nikafurahi kidogo.) Sitawadanganya kwamba yoga haina uhusiano na dini. Ilizaliwa Uhindi zamani za kale, na neno lenyewe katika Kisanskriti lina maana ya kuunganisha, kama vile kufunga nira. Katika mafundisho ya Patanjali yoga ina sehemu nane, na kule kujinyoosha viungo tunakokuona kwenye picha ni sehemu moja tu. Nyingine ni za mwenendo mwema, za pumzi, za kuikusanya akili mahali pamoja. Mwenye kuhisi kuwa imani yake inakatazwa na jambo hili asilazimishwe hata kidogo. Lakini asidhani kwamba kwake hakuna kitu kama hicho. Mwaka wa 2001 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa na Luciano Bernardi wa Italia na wenzake. Waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakiimba maneno ya wanayoga. Njia zote mbili zilishusha pumzi hadi kama mara sita kwa dakika, na moyo ukatulia kwa namna moja. Sasa mwenye rozari na ashike rozari yake, mwenye tasbihi avute uradi wake, asiye na hili wala lile aketi chini ya mwembe ahesabu pumzi. Tunagombania nini?

Na mimi ninasikitika kidogo kwamba tunapozungumza habari za kuponya roho kwa mwili tunakimbilia Uhindi, kana kwamba babu zetu walikaa tu. Litazameni neno ngoma. Ni ala inayopigwa. Ni mchezo wenyewe unaochezwa. Na pwani ni matibabu pia, kama katika ngoma ya pepo. Wamijikenda wana kayamba, ile ala ya matete yenye mbegu ndani, na kwa jina hilo hilo huiita ngoma ya uganga inayochezwa usiku kwa ajili ya mgonjwa. Wakamba wana kilumi, ngoma ya kina mama watu wazima, ya kutibu na ya kuomba mvua. Si lazima uamini mapepo ndipo uone busara iliyomo. Mgonjwa hakufungiwa chumbani peke yake na aibu yake. Aliwekwa katikati, jamaa na majirani wakakesha naye, wakaimba, wakatoa jasho pamoja. Hebu linganisha na yule mwenzetu anayetapika, anayekwenda kutapikia nyuma ya choo ili asionekane.

Nasi wa Chama cha Kiswahili ushahidi tunao rafuni. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipofungwa mwaka wa 1969 kwa ajili ya karatasi ya kisiasa aliyoiandika, "Kenya: Twendapi?" Alikaa gerezani hadi mwaka wa 1972, akitengwa na wafungwa wengine. Kuandika kulikatazwa. Akaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, shairi baada ya shairi, na mwaka wa 1973 yakatoka kitabuni kwa jina la Sauti ya Dhiki. Tunapokisoma kitabu hicho kwa ajili ya vina na mizani tu, naona tunakosa nusu ya habari. Fikirini mtu peke yake, kuta nne, siku zisizokuwa na tofauti, naye anatafuta neno litakalotimiza mizani na kumalizia kwa kina kile kile. Anahesabu, anarudia, anafuta, anahesabu tena. Mimi naiita taamuli, ingawa hakuna aliyemfundisha kukunja miguu. Shaaban Robert naye, alipofiwa na mkewe Amina, alimtungia shairi lenye jina lake. Watu hawa hawakungoja kupona ndipo watunge.

Wasomi nao wamelitazama jambo hili. Mwaka wa 2019 tawi la Ulaya la Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya Daisy Fancourt na Saoirse Finn, waliopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Waliona kwamba muziki, ngoma, uchoraji, maigizo na hadithi husaidia kuzuia maradhi na hata kuwasaidia walio wagonjwa tayari. Na huko Marekani, mwaka wa 1979, Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alianza kuwafundisha taamuli kwa majuma manane wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha, wale ambao madaktari walikuwa wamefika mwisho nao. Hapa Nairobi upo Africa Yoga Project, ulioanza mwaka wa 2007, na umewapa vijana wengi wa mitaa ya mabanda ujuzi wa kufundisha yoga, wakapata na riziki humo humo. Hiyo ya riziki mimi huipenda kuliko zote.

Lakini nisije nikaonekana mchuuzi wa dawa za miti shamba stendi ya mabasi, anayetibu meno, mapenzi na kesi kwa chupa moja. Yapo ambayo sanaa na yoga haziwezi. Mwenye njaa haponi kwa kupumua. Mpeni githeri kwanza. Mwenye kifafa asiache vidonge vyake ati kwa sababu anaimba kwaya. Na mwenzetu akianza kusema kwamba amechoka kuishi, tusimpe kalamu ya rangi tukajiona tumemaliza kazi. Aambiwe mwalimu mshauri siku hiyo hiyo, na apelekwe hospitali.

Tena kuna la Uingereza, ambalo wapinzani wangu watalishangilia. Walifanya utafiti mkubwa katika shule 85, wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka kumi na mmoja hadi kumi na mitatu. Shule nyingine zikafundishwa taamuli darasani, nyingine zikaendelea kama kawaida. Matokeo yalitoka mwaka wa 2022: waliofundishwa hawakupata nafuu kuwashinda wenzao, na wengi wao hata nyumbani hawakuwa wakilifanya zoezi lenyewe. Wangoje kwanza kabla ya kupiga vigelegele! Mimi nasoma hivi: ukiligeuza tulizo kuwa somo, ukaliweka kwenye ratiba ya lazima na mwalimu wa zamu mlangoni, limeshakuwa mzigo mwingine. Kipindi chetu cha Ijumaa kilikuwa cha hiari. Aliyetaka ngoma alikwenda ngoma, aliyetaka kuchora alichora, na wawili watatu nawajua walikuwa wakienda maktaba kulala tu, na hata hao sikuwalaumu.

Walimu wetu wana hoja yao, nami naiheshimu. Wanasema wastani wa Hisabati ulishuka mwaka jana, na wazazi wanalipa karo waone gredi, si ngoma. Ni kweli. Lakini Hisabati ina vipindi saba kwa wiki, na tukiongeza cha nane ilhali watu wamechoka kama punda wa mkokoteni, kinaingia wapi? Mwalimu mpendwa, umesimama mbele yetu Ijumaa saa tisa na nusu. Umeyaona macho yetu. Isitoshe, serikali yenyewe imeiweka sanaa pamoja na michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika sekondari ya juu ya mtaala mpya, iliyoanza Januari 2026. Wadogo zetu watachora na kuimba na kutahiniwa kwayo. Sisi wa 8-4-4 tulio mkiani tumekosa nini hata tunyimwe saa moja tu isiyotahiniwa?

Basi ombi letu ni hili, na tumelipeleka kwa wakuu wa idara likiwa na sahihi za wanafunzi. Turudishiwe Ijumaa mbili kwa mwezi, zile nyingine mbili zibaki na Hisabati. Wenye yoga watumie ukumbi, kwa hiari, na kusiwe na maneno ya dini yoyote ndani yake. Wachoraji wanahitaji karatasi za kahawia tu, ambazo duka la shule hufungia mikate na kuzitupa. Ngoma ziko mbili stoo, nyuma ya madawati mabovu. Kubwa ni nzima. Ile ndogo ngozi yake imepasuka, na mzee mmoja wa hapa sokoni ameitazama akasema ataiwamba upya kwa shilingi 800, ngozi juu yake. Tumeshachanga 530.