Magofu Haya Yana Wenyewe

Kila shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, barabara ya kutoka Mombasa kwenda Malindi hujaa magari. Watalii wa ng'ambo na jamaa zetu wa bara hupita wakielekea ufukoni, na wengi wao huteremka njiani wakatazama magofu na majumba ya makumbusho. Sisi wenyeji nasi twasafiri, lakini safari zetu aghalabu huwa za arusi na matanga. Twapita mbele ya milango ya mambo yetu ya kale bila hata kugeuza shingo. Si ajabu kumkuta kijana aliyezaliwa Mji wa Kale, akasoma hapo hapo Mombasa mpaka akahitimu, naye hajapata kutia mguu ndani ya Fort Jesus.

Jambo hili si dogo, na yafaa tulizungumze waziwazi.

Siku moja tulikuwa katika jumba moja la makumbusho hapa pwani. Mbele ya kabati la kioo walisimama bibi na mjukuu wake. Maelezo ya vitu vilivyomo yalikuwa ya Kiingereza matupu. Mjukuu aliyasoma bila kukwama, lakini chombo chenyewe hakukifahamu. Bibi hakuweza kusoma hata neno moja, ila alipokitupia jicho alicheka. "Kifumbu hicho, mwanangu. Mamangu alikuwa akichujia tui." Pale pale akaanza kumweleza jinsi kinavyosukwa, na jinsi kinavyokamuliwa. Mtoto akasahau kusoma, akabaki kumsikiliza bibi yake.

Hao wawili, kila mmoja alikuwa na nusu ya elimu. Mwenye kuijua kazi ya kitu hakuweza kusoma, na mwenye kusoma hakuijua. Lau bibi angebaki nyumbani siku ile, kile chombo kingekuwa kipande cha ukindu ndani ya kioo, basi. Na mabibi wa namna hiyo wazidi kupungua kila mwaka. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Ndiyo sababu twasema safari hii iwe ya jamaa nzima, wazee kwa watoto. Haihitaji fedha nyingi. Chukueni mahamri na mbaazi, maji ya kunywa na mkeka, mwingie matatu au basi asubuhi mapema. Anzeni na Ngomeni. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani waliizingira tangu 1696 hata wakaitwaa mwaka 1698, na Waingereza wakaifanya gereza kwa zaidi ya miaka 60. Mtwapa kuna Jumba la Mtwana. Kilifi, kabla ya kuvuka daraja, kuna magofu ya Mnarani, na hapo baba anaweza kuwasimulia watoto habari za feri iliyokuwa ikivusha watu mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Kisha mbele yake, kabla ya kufika Malindi, iko Gede.

Hapo Gede ndipo tungependa msimame sana. Mji huu ulihamwa katika karne ya 17, na msitu ukaumeza. Mwaka 1948 James Kirkman alianza kuuchimba, na mwaka 2024 ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kama ulivyotiwa mji wa Lamu mwaka 2001 na Fort Jesus mwaka 2011. Liko kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Uko msikiti mkuu, na kibla chake, na kisima chake, na birika la kutawadhia. Mgeni huhitaji kuelezwa kila kimoja ni cha nini. Mtoto wetu wa chuoni hahitaji. Ataingia na kuvitambua mwenyewe, kwa kuwa ndivyo ulivyo msikiti anaosali kila siku mtaani kwao.

Yamkini msomaji atauliza, na huko kutambua kutamfaa nini? Kutamfaa sana. Kwa miaka mingi iliandikwa vitabuni kwamba miji hii ilijengwa na wageni waliokuja na majahazi, na kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu. Kirkman mwenyewe aliiita Gede mji wa Waarabu. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine midogo ya miti na udongo, wa zamani kabisa ukiwa wa karne ya nane. Maana yake ni kwamba mji ulikua pale pale, kidogo kidogo, kutoka kijiji cha watu wa hapa hapa ambao waliupokea Uislamu na kuujengea. Wageni walikuja, wakaoa, wakakaa, na damu zikachanganyika, hilo hatulikatai. Lakini mtoto anayedhani kwamba babu zake hawakujenga kitu atawezaje kukilinda?

Malindi nako, watoto wengi hulijua jina la Vasco da Gama kwa sababu ya nguzo yake. Waulizeni ni nani aliyemwonyesha njia ya Bara Hindi mwaka 1498. Alikuwa rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, mtu aliyezijua pepo na nyota kabla Mreno hajafika.

Wako watakaosema kwamba makumbusho ni mambo ya Wazungu, na kwamba Mwislamu hana haja na mawe ya kale. Twawakumbusha kwamba dini yetu imetuhimiza tutembee katika ardhi tukatazame habari za waliotutangulia, tuzingatie. Humo magofuni mna misikiti ya ndugu zetu na makaburi yao. Tuingie kwa adabu, tuwaombee dua, wala tusiwaache watoto wakaparuza majina yao katika chokaa iliyodumu miaka mia sita.

Wakuu wa makumbusho nao wana wajibu wao. Maelezo ya vitu vya Waswahili yaandikwe pia kwa Kiswahili, tena yawe ya Kiswahili chetu cha pwani chenye majina yenyewe: zidaka, siwa, mtepe, kiti cha enzi. Na wazee waalikwe waje wavieleze kabla hawajaondoka duniani. Waalimu wa vyuo nao hawangekosea kutenga siku moja ya likizo wakawapeleka wanafunzi wao.

Mahali pasipotembelewa na wenyewe hapana wa kupatetea siku pakivamiwa. Hatuwezi kulia kwamba urithi wetu umechukuliwa, ilhali tuliupita barabarani kila mwaka tukiwahi karamu. Likizo hii tuteremke garini, na bibi naye tumshike mkono tuteremke naye.