MPIRA HAUCHANIKI WENYEWE!

Kijana wa Msamvu, wa Mji Mpya, wa Kihonda, sikiliza! Umeambiwa kondomu ina wadudu. Umeambiwa uimwagie maji ya moto uwaone wakitambaa. Uongo mtupu! Unachokiona ni kilainishi kikielea majini. Anayekueleza hivyo anakuchimbia kaburi.

Nawe unayejitapa kijiweni kwamba pipi hailiwi na ganda lake, umeshazika wenzako wangapi? Tangu 1983, UKIMWI ulipogundulika kule Kagera, majigambo hayo hayajamponya mtu.

Tuwageukie na vigogo. Kwa miaka mingi kondomu za bure zilinunuliwa kwa fedha za wafadhili. Mwaka 2025 Marekani ikalifunga USAID, shirika lake la misaada. Tunauliza: nchi inayomudu mashangingi, kwa nini mpira wa mlalahoi ungoje huruma ya Washington? Na ukifika, nani anakufundisha kuutunza? Bango linasema "tumia", basi!

Mpira ni utomvu wa mti. Jua, joto na msuguano huuozesha. Mboga za Mgeta hufunikwa zisinyauke njiani zikiteremka Uluguru. Wewe mpira wa kuokoa maisha yako unauacha kwenye dashibodi ya daladala, au unaukalia mwezi mzima kwenye pochi! Halafu ukichanika, unalaumu kiwanda.

Duka likianika boksi juani, pita. Soma tarehe ya mwisho. Bonyeza pakiti, kama haina hewa ndani, imetoboka, tupa. Fungua kwa vidole, si kwa meno wala wembe. Bana ncha, vingirisha hadi kwenye shina. Mafuta ya nazi, ya mgando na losheni ni marufuku: hulegeza mpira kwa dakika chache. Mmoja kwa tendo moja. Miwili kwa pamoja husuguana ikachanika. Ukimaliza, shika ukingo, utoke kabla hujalegea. Funga fundo, tupa kwenye choo cha shimo. Kuufua na kuurudia ni kujiua.

Ukichanika je? Usijifiche! Wahi hospitali kabla saa 72 hazijapita, uombe dawa za kukinga virusi. Nenda na mwenzako, naye asaidiwe kuhusu mimba.

Anayekuficha haya kwa kisingizio cha aibu hakupendi, awe na joho au na kadi ya chama. Mageuzi yaanzie mfukoni mwako. Toa huo mpira sasa hivi, usome tarehe!