Namba ya usajili iwe ya wakulima

China ilikubali kupokea parachichi la Tanzania Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Beijing. Desemba 2024 ikafuta ushuru kwa bidhaa zote za nchi maskini zaidi zenye uhusiano wa kidiplomasia nayo, nasi tumo. Mkulima wa Nkunga, wilayani Rungwe, ana haki ya kuuliza: mbona bado namuuzia dalali?

Kwa sababu kinachombana ni usajili. Mchina anataka tunda la shamba lililosajiliwa, lililofungashwa kwenye ghala lililosajiliwa, lisilo na nzi wa matunda, na cheti cha afya ya mimea mkononi. Kampuni kubwa inayamudu hayo. Mwenye miti kumi ya parachichi aina ya Hass katikati ya migomba hayawezi peke yake, na atakayemkusanyia ndiye atakayemtajia bei.

China yenyewe ilipoanza kuinuka haikuanza na maghorofa ya Shenzhen. Wakulima wa kijiji cha Xiaogang waligawana mashamba ya jumuiya kwa siri mwaka 1978. Miaka ya themanini mamilioni wakafanya kazi kwenye viwanda vidogo vya vijiji na miji midogo, na sehemu ya faida ikabaki hukohuko. Faida kubaki kijijini ndilo jambo la kuiga, kabla ya simu na treni zao. Tena tuharakishe: huko Menglian, mkoa wa Yunnan, nao wanapanda parachichi.

Watu wa Rungwe si wageni wa jambo hili. Wakulima wadogo wa chai, kupitia chama chao, walipata hisa katika kampuni ya Wakulima Tea ya Katumba. Kwenye parachichi tunataka zaidi ya hisa: ghala la kufungashia lenye chumba cha ubaridi, namba ya usajili ikiwa kwa jina la vikundi vya wakulima. Halmashauri inakusanya ushuru wa mazao kwenye parachichi hilohilo. Ianzie hapo kulijenga ghala hilo.

Na reli ya kulisafirisha? Kampuni ya China imekabidhiwa TAZARA kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Kila anayeizungumzia anataja shaba ya Zambia. Wabunge wa Rungwe na Busokelo waulize sasa, kabla mabehewa hayajaagizwa: mangapi yatakuwa ya ubaridi, na yatapakia Mbeya mara ngapi kwa wiki msimu wa mavuno?