Tinti ikibanduka, hasara ni ya nani?

Miongoni mwa biashara ndogo zinazowavutia watu wenye mtaji wa wastani katika miji yetu, uwekaji wa tinti kwenye vioo vya magari ni mojawapo ya zile zinazoonekana rahisi kupita kiasi. Gari lililotumika linashushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa likitokea Japani, vioo vyake vya mbele ni vyeupe, mwenye gari anataka kivuli, na mwenye banda ana roli la karatasi na mafundi wawili. Kilichobaki ni kupokea fedha. Hivyo ndivyo inavyodhaniwa, na ndiyo maana mabanda hufunguliwa kwa mbwembwe na kufungwa kimyakimya.

Maoni ya safu hii ni kwamba kinachoyaua mengi ya mabanda hayo si uhaba wa wateja, bali kazi za kurudiwa. Na kazi hurudiwa bure kwa sababu mwenye banda, ambaye mara nyingi ni mwekezaji tu na si fundi, hawezi kutambua kosa ni la nani: la aliyemuuzia karatasi, la fundi wake, au la mteja mwenyewe. Asiyeweza kutambua hulipia ya wote watatu.

Tuanze na karatasi, kwani hapo ndipo mtaji unapolala. Karatasi ya tinti ni plastiki nyembamba ya poliesta yenye gundi upande mmja na ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo upande wa pili. Ya bei ya chini kabisa imetiwa rangi tu. Rangi hiyo ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na jua haliziui zote kwa kasi moja; nyingine hufa mapema na zambarau ikabaki. Magari yenye vioo vya zambarau tunayoyaona barabarani kila siku ndiyo matokeo yake. Yapo pia ya kaboni, ya madini ya metali na ya kauri. Ya metali huzuia joto vizuri lakini inaweza kusumbua redio iwapo antena imo ndani ya kioo cha nyuma, pamoja na mawasiliano ya simu. Ya kauri haina tatizo hilo, na bei yake inajulikana na kila aliyewahi kuiulizia.

Wauzaji wa jumla wanapenda kumwashia mteja taa ya joto, wakamwambia aweke kiganja nyuma ya kioo chenye karatasi yao. Onyesho hilo ni zuri kwa macho, ila taa hiyo si jua. Takriban nusu ya nishati ya jua ni miali ya joto isiyoonekana, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni mwanga wenyewe. Karatasi inaweza kuzuia vizuri aina ya miali inayotoka kwenye ile taa na bado ikawa ya kawaida tu juani. Takwimu ya kuidai kwa maandishi ni jumla ya nishati ya jua inayokataliwa. Muuzaji asiyekuwa nayo anauza giza, na giza si baridi: karatasi nyeupe ya kauri iliyo bora inaweza kuzuia joto kuliko karatasi nyeusi ti ya rangi tupu. Mteja anayesema "weka nyeusi kabisa, fundi, joto linaniua" anahitaji kuelezwa hilo kabla hajalipa, si baada ya kurudi akilalamika.

Sasa tuje kwa fundi, ambako fedha nyingi zaidi hupotelea. Kazi hii ni ya maji na usafi kuliko ilivyo ya kukata. Kioo husafishwa kwa maji yenye matone machache ya shampuu ya watoto, kikakwanguliwa kwa wembe (isipokuwa kioo cha nyuma, tutakieleza), kisha karatasi hulazwa ikiwa imelowa, ikasogezwa mpaka ikae sawa, na maji yakakamuliwa kwa kipande cha mpira kigumu. Sabuni ikizidi, gundi haishiki. Ikipungua, karatasi haitelezi na itashika mahali pasipo pake. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo mabanda mengi ya Dar es Salaam huyatumia kwa kuwa ndiyo yaliyopo, huacha madoa meupe yasiyotoka chini ya karatasi. Galoni la maji yaliyochujwa ni gharama ndogo mno kulinganisha na kioo kimoja cha kurudia.

Vumbi ndilo adui mkubwa. Fundi anapobandua ngozi ya nyuma ya karatasi, umeme tuli huvuta kila chembe iliyo karibu, kwa hiyo hana budi kunyunyiza maji huku akibandua, si baada ya kumaliza. Pangaboi lizimwe. Sakafu imwagiwe maji. Mpira na kitambaa cha chini ya kioo cha mlango visafishwe, kwani uchafu uliofichwa humo hupanda na mpira wa kukamulia na kuganda kwenye ukingo wa chini. Mwekezaji anayepanga banda la wazi kando ya barabara ya vumbi kwa sababu kodi yake ni ndogo na anaonekana na wapita njia, amekwisha kuamua kiasi cha hasara yake kabla ya gari la kwanza kuingia. Afadhali kibao kidogo na chumba chenye mlango.

Kioo cha nyuma ndicho kinachotofautisha fundi na mwenye kujaribu. Kimepinda pande mbili, na karatasi bapa haiwezi kukikumbatia bila kusinyazwa kwa hewa moto. Hufanyiwa hivyo kwa nje ya kioo kwanza, ndipo karatasi ikaingizwa ndani. Karatasi husinyaa kwa kufuata urefu wa roli, si upana wake. Mikunjo ikielekezwa ikatishe ule urefu, joto huimaliza. Ikilala sambamba na urefu, fundi ataichoma mpaka ipate alama na bado haitaisha. Ukimkuta fundi anayelazimisha mikunjo kwa moto zaidi, mtoe kwenye kioo cha nyuma na umwache pembeni mwa gari mpaka ajifunze. Pembezoni mwa kioo hicho pia kuna mistari ya nukta nyeusi zilizochomewa kiwandani, ambazo zimeinuka kidogo, na gundi haizigusi vizuri. Utepe wa kijivu unaoonekana hapo si dalili ya kazi mbovu, lakini mteja asiyeambiwa mapema ataudai urekebishwe.

Tukishayajua hayo, tunaweza kusoma lalamiko kwa tarehe yake, na hii ndiyo hoja yetu kubwa.

Gari likirudi siku ya 2 au ya 3 lina ukungu na vipovu vidogo vya maji, hakuna kosa. Maji yaliyobaki yanapita taratibu kwenye karatasi na kukauka. Juani huchukua siku kadhaa, na wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, huchukua muda mrefu zaidi. Likirudi siku hizohizo lina chembe ngumu zisizosogea, au kipovu chenye hewa, au ukingo uliosimama, hilo ni la fundi. Vumbi halikauki. Ukingo uliong'oka kwenye mlango mmoja wa dereva tu, mingine yote ikiwa salama, ni wa mteja aliyeshusha kioo jioni ileile aliyoambiwa asikishushe kwa siku 3 au 4. Karatasi ikianza kupauka, kugeuka zambarau, au kufanya malengelenge kioo kizima baada ya mwaka mmoja au miwili, fundi wako hana hatia: gundi au rangi imekufa, na anayestahili kulipa ni aliyekuuzia roli, ikiwa ulimdai dhamana ya maandishi. Ila mteja aliyekuwa akisafisha vioo kwa dawa yenye amonia naye hawezi kudai, kwa kuwa amonia huharibu karatasi na gundi yake.

Hapo mwenye banda anatakiwa kuwa na daftari: namba ya gari, tarehe, namba ya roli, jina la fundi. Daftari la sh. 3,000 linaweza kumwokolea roli zima. Bila namba ya roli hakuna muuzaji wa jumla atakayekusikiliza.

Tuangalie hesabu, kwa takwimu za mfano tu ambazo kila mmoja ataweka zake. Roli la upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 30 hutosha magari 8 hivi ya saloon. Tufanye roli la rangi tupu umelinunua kwa sh. 150,000. Karatasi kwa gari ni sh. 18,750, fundi sh. 20,000, na unamtoza mteja sh. 80,000. Unabaki na sh. 41,250. Gari likirudi, karatasi mpya ni sh. 18,750 na ufundi wa kubandua na kubandika upya sh. 40,000, jumla sh. 58,750. Kazi moja iliyorudi imekula faida yake yote na karibu nusu ya faida ya gari linalofuata. Katika magari 8 yakirudi 3, faida ya sh. 330,000 imeshuka hadi sh. 153,750, na hapo bado hujahesabu kodi ya banda kwa siku ambazo nafasi ilikaliwa na gari lisilolipa.

Chukua sasa roli la daraja la kati la sh. 400,000, gari moja sh. 150,000, fundi sh. 25,000. Unabaki na sh. 75,000 kwa gari, sh. 600,000 kwa roli. Likirudi gari 1 kwa gharama ya sh. 100,000, unabaki na sh. 500,000. Wapo watakaosema wateja wetu hawana uwezo wa bei hiyo. Wengine hawana kweli, na wauziwe ya bei nafuu huku wakiambiwa wazi na kuandikiwa kwenye risiti kwamba rangi haina dhamana. Lisilokubalika ni kuuza ya rangi tupu kwa jina la kauri, mchezo unaochezwa mno kwa sababu kwa macho zinafanana siku ya kwanza.

Jambo la mwanga nalo linahitaji tahadhari, hasa kwa wanaoagiza kwa wingi kupitia Dubai. Namba ya kwenye roli ni asilimia ya mwanga unaopita, lakini si yote. Kioo chenyewe cha gari hupunguza mwanga. Tuseme kinapitisha asilimia 75. Ukibandika karatasi ya 35, kinachopita ni asilimia 26 hivi. Hata karatasi ya 70 inashusha kioo hicho hadi asilimia 52 na nusu. Uingereza na Japani zinataka vioo vya pembeni mwa dereva vipitishe angalau asilimia 70, kwa hiyo huko hata hiyo nyeupe ingekataliwa. Falme za Kiarabu zilipanua ruhusa mwaka 2017 kutoka asilimia 30 hadi 50, lakini wao wanahesabu giza, si mwanga unaopita, na wafanyabiashara hununua mzigo kwa kuchanganya hesabu hizo mbili. Kabla ya kuagiza kontena, soma sheria ya usalama barabarani ya nchi ambako gari litatembea. Mzigo wa karatasi nyeusi ambao trafiki atawaamuru wateja waubandue ni mtaji uliokufa. Na kwenye kioo cha mbele, zaidi ya utepe wa juu, tunashauri kazi ikataliwe hata kama mteja anaongeza fedha. Mtembea kwa miguu usiku kwenye barabara isiyo na taa haonekani kupitia kioo hicho.

Kuhusu malipo ya fundi, utaratibu wa kumlipa yote gari linapotoka unamfundisha haraka. Mlipe sehemu kubwa siku hiyo na iliyobaki baada ya siku 14, ambazo zinatosha kwa makosa mengi ya mkono kujitokeza, na umpe bei nzuri zaidi ya wenzake ili asione ameonewa.

Mwisho ni kazi ya kubandua tinti ya zamani, ambayo mabanda mengi huifanya bure kama bonasi kwa mteja. Itozwe bei yake. Kwenye kioo cha nyuma kuna nyaya nyembamba za kupasha joto zilizobandikwa upande wa ndani, na wembe ukipita juu yake zinakatika. Karatasi hiyo hulainishwa kwa mvuke ikavutwa polepole, na gundi ikaondolewa kwa sabuni na kitambaa. Ni kazi ya saa kadhaa. Kabla fundi hajagusa, washa swichi ya nyaya hizo mbele ya mteja, angalieni pamoja ipi inafanya kazi na ipi imekwisha kufa, mwandike, na mteja atie sahihi. Funika kwa taulo spika za nyuma na swichi za milango, kwani maji yakiingia humo utalipa zaidi ya ulichopata kwenye tinti yenyewe.