TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: MWIZI WA KOROSHO ANA MNUNUZI

*Ndugu wanachama na wananchi wote wa Narung'ombe,*



Kwenye kikao cha tawi imeletwa hoja kwamba msimu huu tuunde kikosi cha vijana wa doria ya usiku, kila kaya ichangie, na mwizi akikamatwa amalizwe hapohapo. Waliopiga makofi walikuwa wengi. Mimi naunga mkono doria. Hilo la mwisho siliungi mkono, na la michango nina masharti nalo. Muda wa kikao haukutosha, hivyo naeleza hapa.

Hasira naielewa. Mtu amepalilia, amepulizia salfa, amekesha akiogopa moto, halafu anaamka anakuta chini ya mikorosho pamefagiliwa. Tena wengi wetu tuna watoto na ndugu Mbagala, na tunakumbuka Septemba 2022, vijana walioitwa Panya Road walipovamia nyumba za watu Dar es Salaam kwa mapanga, wakabeba simu na televisheni, na mwanafunzi wa chuo akauawa. Polisi waliwapiga risasi watuhumiwa kadhaa wakafa, na watu wakashangilia. Lakini jina hilo halikuwa geni. Januari 2015 lilitia jiji hofu hadi watu wakafunga maduka, ukafanyika msako, wakakamatwa mamia. Baada ya miaka saba jina lilelile likarudi.

Swali langu kama mtu wa hesabu ni dogo. Televisheni iliyoibwa usiku, asubuhi inakwenda wapi? Mwizi hahitaji televisheni kumi chumbani kwake. Yupo anayezinunua kwa bei ya kutupa bila kuuliza risiti, na huyo mara nyingi ana duka, ana familia, anaheshimika mtaani. Ndiyo maana Kanuni ya Adhabu inamhesabu mpokea mali ya wizi kuwa mhalifu kamili.

Kwetu jambo hili liko wazi kuliko mjini. Tuseme bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo. Gunia la kilo 80 ni shilingi 240,000. Mwizi hawezi kulipeleka ghalani mwenyewe, analiuza kangomba, tuseme kwa 1,200 kwa kilo, anapata 96,000 usiku huohuo. Zilizobaki, 144,000, ni faida ya mnunuzi. Sasa niambieni nani mwenye kazi nzuri hapo: anayeumwa na mbwa wetu gizani au anayelala kitandani?

Na huyo mnunuzi naye ana kikwazo. Chini ya stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/2008, mzigo unapitia AMCOS, unapimwa, unaandikwa kwa jina la mkulima, ndipo unakwenda mnadani kupitia RUNALI, na malipo yanarudi kwa jina lilelile. Kwa hiyo gunia lako lililoibwa, likitaka bei kamili, lazima liandikwe kwa jina la mtu. Mtu mwenye ekari mbili za miti michanga anapouza tani tatu, daftari la mizani limeshasema kila kitu. Anayeazimisha jina lake kwa kangomba ili apate elfu hamsini yumo katika wizi huu, hata kama hajawahi kuingia shamba la mtu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema tuanze na wageni, yaani vibarua wa palizi na wafugaji. Kibarua anaweza kuokota korosho zisizo zake, sikatai, na akikamatwa apelekwe polisi. Lakini mgeni hajasajiliwa hapa kama mkulima. Jina linaloandikwa kwenye mizani ni letu sisi.

Kuhusu kumaliza mtu hapohapo: Sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980, walipunguza wizi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini kwingine waligeukia vikongwe kwa madai ya uchawi. Kikosi kikishazoea kuhukumu chenyewe, hakiishii kwa wezi. Sheria inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Anayeua ana kesi ya mauaji, na chama hakitamwekea wakili. Kijana wa doria ajue hilo kabla hajapewa filimbi. (Tena maiti haitaji jina la mnunuzi.)

Michango: sipingi kaya kutoa. Ila fedha ipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, itolewe stakabadhi, mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila mwezi. Betri za tochi ziandikwe. Chai ya vijana iandikwe. Mchango wa ulinzi usio na stakabadhi nao ni wizi.

Jambo jingine ambalo hatulifanyi ni kuripoti. Takwimu za uhalifu zinatokana na matukio yaliyofika kituoni. Magunia yakiibwa tukaishia kulalamika kijiweni, kwenye vitabu vya polisi Narung'ombe ni shwari kabisa, halafu tunashangaa kwa nini hatupewi askari. Najua safari ina nauli na inapoteza siku. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji na mkaguzi wa polisi wa kata, au pigeni 112, lakini mhakikishe mnapata namba ya RB.

Katika mkutano mkuu wa kijiji ujao nitaomba mambo mawili yaingie kwenye ajenda: kamati ya ulinzi na usalama iweke daftari la doria, na uongozi wa AMCOS ulinganishe kilo za kila muuzaji na ukubwa wa shamba lake, kisha majina yenye tofauti kubwa yajadiliwe kabla ya malipo. Baadhi ya majina hayo huenda yakawa ya wanachama wetu, pengine hata viongozi. Yasomwe vilevile.

Asiyekubaliana nami asinijibu faragha. Aje mkutanoni aseme mbele ya wote.

*Katibu wa Tawi*
Narung'ombe, Ruangwa