Keti Nao, Lakini Usiwale

Tuseme malori yameegeshwa Sultan Hamud, kando ya barabara kuu ya Mombasa, na madereva wanacheza karata. Wewe Mkristo, utaketi nao? Keti! Yesu alikula na watoza ushuru. Lakini hakutoza ushuru pamoja nao.

Katika mashindano ya karata za poka, kila mchezaji hutoa kiingilio, na wachache wanaosalia mwisho ndio wanaogawana fedha. Huenda ushindi wako ukawa karo ya mtoto wa mwenzako. Ukishamla, utamhubiria nini, naye anawaza atarudi nyumbani na nini?

Cheza nao bila pesa. Mnunulie chai dereva aliyechoka, kisha useme neno lako. Atakusikiliza, kwa kuwa hukumgusa mfukoni.